Sura ya 7: Barua Uliyoifuta Bado Ipo

Kila ninapokaa na watu wanaofanya kazi kwa barua pepe, swali ni lilelile: kompyuta haijabadilika, intaneti haijabadilika, mbona programu ya barua imekuwa nzito hivi? Zamani ilifunguka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Siku hizi unaibofya, unamaliza kusalimiana na wenzako wote, ndipo orodha ya barua inaanza kujitokeza. Ukiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, dirisha zima linaganda. Na kabla ya kuuliza, wengi huwa wameshaambiwa na fundi kwamba dawa ni kununua kompyuta mpya au kuongeza RAM.

Mara nyingi fedha hizo zingeweza kubaki mfukoni. Tatizo liko kwenye faili chache zilizonenepa kwa miaka bila mtu kuzigusa. Kazi ya kuzipunguza ni ndogo, inajirudia vilevile kila wiki, na haina raha hata kidogo. Kazi ya namna hiyo binadamu huiahirisha hadi siku mambo yanapoharibika, kwa hiyo inafaa ikabidhiwe mashine. Lakini si yote. Ipo sehemu ambayo mimi siwezi kumshauri mtu aiache mikononi mwa ratiba, na nitaeleza kwa nini.

Mfano wetu mkuu ni Thunderbird, programu ya bure ya Mozilla ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inazifaa ofisi ndogo kwa kuwa haina ada ya leseni. Wanaotumia Outlook wana sehemu yao baadaye.

Barua zinakaa wapi

Kwenye skrini unaona barua mojamoja, kila moja na mstari wake. Kwenye diski mambo hayako hivyo. Kwa kawaida Thunderbird huweka barua zote za folda moja ndani ya faili moja. Kikasha chenye barua 20,000 ni faili moja ndefu iitwayo Inbox, barua ya kwanza ikiwa juu, ya pili chini yake, mpaka ya mwisho. Mpangilio huu unaitwa mbox, na umerithiwa kutoka kompyuta za Unix za miaka ya 1970.

Kando ya faili hiyo kuna nyingine yenye jina lilelile na kiishio cha .msf. Hiyo ni faharasa, yaani orodha ya vichwa vya barua, waliozituma, tarehe, na mahali kila barua inapoanzia ndani ya faili kubwa. Orodha unayoiona kwenye skrini inasomwa kutoka humo.

Sasa futa barua iliyo katikati. Ili iondoke kweli, programu ingelazimika kuandika upya kila kilichoifuata, pengine GB 3 nzima kwa ajili ya tangazo la kikao lenye mistari minne. Haifanyi hivyo. Inaitia alama ya kufutwa, inaitoa kwenye faharasa ili usiione, kisha inaiacha palepale ilipo. Ni sawa na karani wa masjala anayepiga mstari juu ya maandishi katika kaunta buku: yamefutwa, lakini ukurasa haujapungua na daftari halijapungua uzito.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako. Nakili faili ya folda ndogo, uifungue nakala hiyo kwa programu ya maandishi ya kawaida, Notepad kwa mfano. Kila barua inaanza na mstari wenye neno From, na chini yake kuna mstari wa X-Mozilla-Status wenye tarakimu nne. Ukikuta 0001, barua imesomwa. Ukikuta 0009, imesomwa na imefutwa, ila maneno yake yote yapo hapo chini, kuanzia salamu hadi sahihi.

Tena kufuta, kwa kawaida, ni kuhamishia kwenye tupio. Kwa barua zilizohifadhiwa kwenye kompyuta yako, maana yake ni kwamba barua moja uliyoifuta leo inakula nafasi mara mbili: mara moja ndani ya Inbox ikiwa na alama yake, na mara ya pili ndani ya faili ya tupio.

Kubana folda

Dawa ni kubana folda, yaani kuiandika upya faili bila barua zilizofutwa. Thunderbird inafungua faili mpya, inanakili barua zilizo hai moja baada ya nyingine, inaziruka zilizofutwa, halafu faili mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani. Amri yenyewe kwenye menyu ni "Compact".

Kutokana na utaratibu huo kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kwa muda mfupi faili zote mbili zipo pamoja, kwa hiyo folda ya GB 5 inataka karibu GB 5 nyingine tupu kwenye diski. Diski iliyojaa pomoni haiwezi kubana kitu, na ndiyo diski inayohitaji kubanwa kuliko zote. Pili, kazi hii haipendi kukatizwa. Umeme ukikatika katikati unaweza kukuta faili za muda zilizoachwa nusu, zenye jina linaloanza na nstmp, au faharasa isiyolingana tena na barua. Kompyuta ya mkononi inalindwa na betri yake. Ya mezani inahitaji UPS, na kwa ofisi ambayo umeme unakatika bila taarifa, mimi naihesabu UPS kuwa sehemu ya matunzo ya barua pepe kama vile programu yenyewe.

Antivairasi nayo huingilia. Inaiona Inbox kama faili moja tu, kwa hiyo kila barua mpya inapoingia inaweza kuanza kuikagua upya faili nzima. Kibaya zaidi, ikikuta kirusi ndani ya barua moja inaweza kuifungia faili yote, na kikasha chote kikatoweka machoni pako. Iambie antivairasi isiiguse folda ya Thunderbird. Kiambatisho chenye kirusi kitakaguliwa utakapokihifadhi au kukifungua, kwa sababu hapo ndipo kinapotoka nje ya faili ya barua.

Uzito usiotoka kwa kubana

Kubana kunaondoa zilizofutwa tu. Kama hujafuta, hakuna kitakachopungua.

Chukua ofisi ya uwakala wa forodha pale Dar es Salaam au Mombasa. Kila shehena ina ankara yake, orodha ya mizigo, hati ya shehena ya meli, cheti cha asili, na stakabadhi za malipo. Nyingi ni karatasi zilizoskaniwa kwa rangi, wakati nyeusi na nyeupe zingetosha. Barua pepe ilitengenezwa kubeba maandishi tu, kwa hiyo kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri: kila baiti tatu zinakuwa herufi nne. PDF ya MB 9 inakaa kwenye kikasha kama MB 12 na ziada kidogo. Mteja akijibu na kuirudisha ileile, nyingine 12. Bosi akiisambaza kwa watu wa bandarini huku akikuwekea nakala, nyingine 12.

Halafu kuna folda ya barua zilizotumwa, ambayo karibu kila mtu huisahau. Watu wanapanga kikasha kwa bidii, wanatengeneza folda za wateja, lakini Sent haijawahi kuguswa tangu siku akaunti ilipofunguliwa. Kila hati uliyowahi kumtumia mtu iko humo. Ukitaka kujua uzito umelala wapi, anzia hapo.

Kwa ufupi mpaka hapa: barua iliyofutwa huendelea kukaa hadi folda ibanwe, na viambatisho vya zamani huendelea kukaa hadi vihamishwe. Ratiba nzuri inashughulikia yote mawili.

Kazi ambazo programu itazifanya yenyewe

Thunderbird ina vifaa vya kutosha ndani yake. Hivi ndivyo nitakavyokushauri uviweke:

1. Kubana. Fungua mipangilio ya jumla na ushuke hadi sehemu ya mtandao na nafasi ya diski. Kuna kisanduku kinachoiamuru programu ibane folda zote pale nafasi itakayookolewa inapozidi kiasi fulani. Matoleo ya sasa huja na MB 200. Kiache hivyo. Ukiweka MB 1, programu itabana kutwa nzima na wewe ndiye utakayeumia.

2. Tupio. Bofya folda ya tupio kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, nenda kwenye "Retention Policy", na uagize barua zenye zaidi ya siku 30 ziondolewe.

3. Barua taka. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya barua taka inayokuruhusu kuzifuta zilizopitisha siku 14.

4. Kuhamisha za zamani. Tengeneza kichujio, yaani kanuni ambayo programu inaifuata bila kuulizwa: barua yoyote ya kikasha yenye umri wa zaidi ya siku 180 ihamie kwenye folda ya mwaka wake, kila mwaka na kichujio chake. Kichujio kinaweza kuwekwa kijiendeshe kila baada ya dakika 10, na hutakiona kikifanya kazi.

Katika namba 2 nimeiruka kwa makusudi njia iliyo rahisi zaidi. Mipangilio ya akaunti ina kisanduku cha kumwaga tupio kila unapofunga programu, na washauri wengi huanza nacho. Mimi sikipendi. Barua iliyofutwa kwa bahati mbaya saa nne asubuhi huwa haijatafutwa na mtu mpaka kesho yake, mteja anapopiga simu. Siku 30 zinakupa nafasi ya kugundua kosa, na hazinenepeshi faili kiasi cha kuhisi.

Namba 4 ina faida isiyoonekana mara moja. Inbox ndiyo faili inayoandikwa kila barua inapoingia, kwa hiyo ndiyo inayopaswa kuwa ndogo. Folda ya mwaka 2021 ikifikia GB 6 haimsumbui mtu, maana haifunguliwi ila siku ya haja.

Tahadhari kwa wenye IMAP

Kuna njia kuu mbili za kupokea barua. POP huzipakua kutoka kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma, na kuziweka kwako. IMAP huziacha kwenye seva na kukupa nakala tu, ndiyo maana unaziona barua zilezile kwenye simu na kwenye kompyuta.

Kwenye akaunti ya IMAP, sehemu ya usawazishaji na hifadhi ina machaguo mawili yanayokaa jirani na kufanana kwa sura. La kwanza linasema kompyuta iweke nakala za barua za siku za karibuni tu, tuseme 90. Hilo ni salama: za zamani zinabaki kwenye seva. La pili linasema barua zilizopitisha siku kadhaa zifutwe. Hilo linazifuta kwako na kwenye seva pia, na ukifungua simu jioni hutazikuta. Lisome mara mbili kabla ya kuweka alama. Kama hujui akaunti yako ni ya aina gani, angalia jina la seva kwenye mipangilio. Mara nyingi linaanza na imap au pop.

Bekapu ije kabla ya yote

Mashine inayofuta kwa ratiba bila mashine nyingine inayonakili kwa ratiba ni hatari. Kwa hiyo nataka bekapu iwe imeshasimama, na imejaribiwa, kabla hujawasha hata kimoja kati ya vile vinne vya juu.

Kwenye Windows, barua zako zote ziko ndani ya folda moja. Andika mistari ifuatayo kwenye Notepad na uihifadhi kwa jina lenye kiishio cha .bat:

taskkill /im thunderbird.exe
timeout /t 60
tasklist | find /i "thunderbird.exe" && exit
robocopy "%APPDATA%\Thunderbird" "E:\Bekapu\Ijumaa" /MIR /R:1 /W:5
start "" "C:\Program Files\Mozilla Thunderbird\thunderbird.exe"

Mstari wa kwanza unaiomba programu ijifunge kwa ustaarabu. Wapo watakaokwambia uongeze /f mwishoni ili ifungwe kwa nguvu. Usikubali, kwa sababu faili iliyokuwa ikiandikwa itakatwa hapohapo. Wa pili unaipa sekunde 60. Wa tatu unaangalia kama bado iko wazi, labda kwa sababu kuna barua ambayo haijamalizwa kuandikwa. Ikiwa wazi, kazi inasitishwa, na ni afadhali kukosa bekapu ya siku moja kuliko kupata yenye faili nusu. Wa nne unanakili kwenda diski ya nje, hapa E. Wa tano unaifungua programu tena.

Zile /R:1 na /W:5 zina sababu. Robocopy ikikuta faili iliyoshikiliwa, kwa kawaida yake hujaribu tena mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kati ya jaribio na jaribio. Usipoiwekea mpaka, faili moja iliyoshikwa na antivairasi inaweza kuisimamisha bekapu nzima hapo hapo, na wewe hutajua.

Nayo /MIR inafanya nakala iwe sawasawa na ya asili, pamoja na kuondoa kwenye nakala kile kilichoondolewa kwenye asili. Folda ya asili ikipoteza barua Alhamisi, nakala ya Ijumaa nayo itazipoteza. Ndiyo maana ninataka faili mbili za .bat na folda mbili: Jumanne inaandika kwenye folda ya Jumanne, Ijumaa kwenye ya Ijumaa. Ukigundua hasara kabla nakala zote mbili hazijaandikwa upya, utakuwa na moja iliyo nyuma ya tukio.

Kisha fungua Task Scheduler, chombo cha Windows cha kupangia kazi, na uzipangie saa saba mchana. Usiku haufai, kwa kuwa kompyuta nyingi za ofisi huzimwa jioni. Saa saba watu wako kwenye chakula, na Ijumaa wengi wako msikitini, mashine zikiwa zimewaka. Kwenye kompyuta saa hiyo huandikwa 13:00. Wapo wanaoandika 7:00 kisha wakashangaa programu inajifunga asubuhi. Weka kazi ijiendeshe pale tu mtumiaji akiwa ameingia, vinginevyo ule mstari wa kwanza hautaweza kuiona programu yake. Weka pia alama kwenye kisanduku kinachosema kazi iliyokosa saa yake ifanyike mara inapowezekana; umeme ukiwa umekatika saa saba, bekapu itafanyika ukirudi.

Kwenye Linux kazi hiyohiyo hupangwa kwa cron, na 0 13 * * 5 maana yake ni saa saba mchana kila Ijumaa. Kwenye Mac, Time Machine inatosha.

Kwa wenye Outlook

Outlook ya kawaida ya Windows huweka barua za kompyuta kwenye faili ya .pst. Mpaka Outlook 2002 faili hiyo haikuweza kuvuka GB 2. Outlook 2003 na 2007 zikaipandisha hadi GB 20, na kuanzia 2010 ikawa 50. Kuruhusiwa kufika 50 hakumaanishi itakuwa nyepesi ikifika huko.

Kazi ya kuhamisha za zamani inafanywa na AutoArchive. Ukiiwasha, kwa kawaida hupita kila baada ya siku 14, na muda uliowekwa kwa Sent na kwa zilizofutwa ni miezi 2. Inachokitoa inakipeleka kwenye faili nyingine, archive.pst. Andika mahali faili hiyo ilipo na uiingize kwenye bekapu, kwa maana siku kompyuta inapopelekwa kwa fundi kuwekewa Windows upya, hiyo ndiyo inayosahaulika. Kubana kunafanywa kwenye sifa za faili ya data, kwa kitufe cha "Compact Now".

Kazi za kubaki mikononi mwako

Usiipangie ratiba kazi ya kukarabati. Thunderbird ina "Repair Folder", inayojenga upya faharasa ya folda, na Outlook ina scanpst. Zote ni za siku ya hitilafu: orodha ikionyesha barua isiyofunguka, au kichwa kimoja kikifungua barua nyingine. Vivyo hivyo faili ya global-messages-db.sqlite, ambamo Thunderbird huhifadhi maneno ya kutafutia. Utafutaji ukianza kukosa barua unazojua zipo, funga programu, iondoe faili hiyo, na itajengwa upya ukifungua. Kuifuta kila wiki ni kuichosha mashine kwa saa kadhaa bila sababu.

Wala usiiachie ratiba uamuzi wa kufuta barua za kazi. Kuhamisha kunarudishika. Kufuta mawasiliano ya mteja wa miaka mitatu iliyopita, ambaye kesho anaweza kuwa na kesi au ukaguzi wa kodi, ni uamuzi wa mtu anayemjua mteja huyo.

Na mwisho wa kila mwezi ijaribu bekapu. Chukua folda ya Ijumaa, uinakili kwenye kompyuta nyingine ambayo Thunderbird yake haijawahi kuwekewa akaunti, mahali palepale pa %APPDATA%. Kabla ya kuifungua, kata intaneti ya kompyuta hiyo. Akaunti ikiwa ya POP, nakala hii inaweza kupakua barua mpya kutoka kwenye seva na mwenyewe asizipate kwake. Fungua, tafuta barua ya wiki iliyopita yenye kiambatisho, na ukifungue kiambatisho hicho. Kikifunguka, futa nakala ya majaribio, rudisha intaneti, na uandike tarehe ya jaribio kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya ile diski ya nje.